Mwanafalsafa gani aliwahi kuzuia vita?

"Nafundisha Historia ya Tanzania na Maadili katika sekondari moja mkoani Kigoma. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye mada ya amani, nikawaambia wanafunzi kwamba amani ya dunia itadumu tu ikijengwa juu ya msingi wa maadili. Kijana mmoja wa viti vya nyuma, ambaye bibi yake alivuka Ziwa Tanganyika akikimbia vita vya Kongo mwaka 1996, akanyoosha mkono: 'Mwalimu, mwanafalsafa gani aliwahi kuzuia vita?' Darasa likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, maana sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo najiuliza. Wakristo wana maadili yao, Waislamu yao, Wachina yao. Nani atakubali ya mwenzake yawe msingi? Na mwenye vifaru na ndege za kivita ana haja gani na maadili? Je, watoto hawa nawafundisha au nawadanganya?"

Mwalimu, pole na hongera. Pole kwa kuchekwa, hongera kwa kupata mwanafunzi wa namna hiyo. Nimefundisha falsafa ya maadili chuoni kwa miaka mingi, na swali kali kama hilo halinijii kila muhula.

Jibu fupi la kumpa kijana wako ni: hakuna. Hakuna mwanafalsafa aliyesimama mbele ya kifaru kikarudi nyuma. Mwambie hivyohivyo, usimung'unye maneno, kwa sababu akigundua mwenyewe kwamba ulimficha hilo hatakuamini tena hata kwa lililo kweli. Lakini neno "msingi" ulilolitumia si baya. Msingi wa nyumba hauzuii mvua; mvua inazuiwa na bati. Anayevujiwa akaenda kuulaumu msingi ametazama mahali sipo. Kazi ya msingi ni kwamba ukuta usipasuke ardhi inapotitia, na hilo huwezi kuliona siku ya jua.

Ninaloliona limepinda kwenye maelezo yako liko kwingine. Nadhani, kama walimu wengi, uliwaambia kwamba vita vinakuja kwa kuwa watu wana roho mbaya, na kwamba roho zikitakata amani itakuja. Hapo ndipo kijana alipokushinda. Tufikirie vijiji viwili vya wavuvi huko kwenu ziwani. Kijiji kimoja kinasikia kwamba wenzao wamenunua mapanga mapya. Huenda ni ya kufyekea mashamba. Nani ana hakika? Mzee mmoja mwenye busara anashauri nao wanunue, kwa tahadhari tu. Wale wa pili wanaona mapanga kwa majirani, na wao wanaweka doria usiku. Mwezi mmoja baadaye nyavu zinapotea, na asubuhi kuna maiti ufukweni. Katika hadithi hii hakuna mtu mbaya hata mmoja. Kila mmoja alifanya ambalo baba mwema angelifanya kwa ajili ya watoto wake. Hobbes, Mwingereza aliyeandika karne ya 17 nchi yake ikitoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, aliliona hili vizuri: hofu pekee inatosha kuwasha moto, uovu ukija ni kuni za ziada.

Kwa hiyo swali la amani ya kudumu ni swali la kuaminiana kabla ya kuwa swali la wema. Mtu aliyelielewa hivyo ni mwanafalsafa Immanuel Kant. Mwaka 1795, akiwa na miaka 71, aliandika kijitabu kifupi juu ya amani ya kudumu akiwa Königsberg, mji ambao leo unaitwa Kaliningrad na uko Urusi. Miezi michache kabla yake Prussia, nchi yake, na Ufaransa zilikuwa zimetia saini mkataba wa amani mjini Basel, nao ulikuwa na vipengele vya siri. Mzee huyu alikuwa na utani wake: anaanza kwa kusema kwamba jina la kijitabu amelitoa kwenye kibao cha nyumba ya wageni huko Uholanzi, kibao chenye picha ya makaburi. Yaani amani ya milele tunayoijua kwa hakika ni ile ya waliokufa. Kisha anaingia kazini. Sharti lake la kwanza ni kwamba mkataba wenye siri ya vita vijavyo ndani yake hauhesabiwi kuwa mkataba wa amani. Hiyo ni mapumziko ya wapiganaji. Jingine ni kwamba hata vita vikiwa vinaendelea kuna mambo hayafanywi, kama vile kutumia sumu, kutuma wauaji wa siri na kuvunja ahadi kwa waliojisalimisha. Sababu yake si huruma. Sababu ni kwamba siku moja utalazimika kuketi meza moja na adui huyu, na ukishaua uwezekano wa kuaminiana, vita hivyo havina mwisho ila kumalizana.

Halafu kuna mstari ambao kijana wako ataupenda. Kant anasema tatizo la kuunda dola linaweza kutatuliwa hata na taifa la mashetani, mradi wawe na akili. Hakuwaomba majenerali wawe malaika. Alitaka utaratibu: serikali inayowajibika kwa raia, kwa kuwa wanaotoa watoto na kodi za vita hufikiri mara mbili, mataifa huru yaliyofungamana kwa ahadi ya kutopigana, na haki ya mgeni kutotendewa kama adui anapofika nchi isiyo yake. Hili la tatu tutalirudia.

Sasa wasiwasi wako juu ya maadili mengi. Unadhani msingi mmoja unahitaji imani moja. Angalia basi methali zetu wenyewe. Bibi mmoja, jiko lilelile, asubuhi atakuambia dawa ya moto ni moto, jioni atakuambia heri nusu shari kuliko shari kamili. Hizo ni falsafa mbili zinazopingana, na nyumba haijabomoka. Wanaoishi pamoja hawaafikiani katika kila sababu. Wanaafikiana juu ya yasiyofanywa. Abu Bakr, khalifa wa kwanza, anapokewa kuwa aliliagiza jeshi lake lisiue wanawake, watoto wala wazee, wala kukata miti ya matunda. Wanateolojia wa Kikristo walifika karibu na hapohapo kwa njia nyingine kabisa. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 ikafika tena, safari hii bila kutaja Mungu.

Tangazo la Dunia la Haki za Binadamu lilitengenezwa vivyo hivyo. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mmarekani, Eleanor Roosevelt, na pamoja naye walikuwamo P. C. Chang wa China, aliyependa kumleta Confucius, mwalimu wa kale wa Wachina, kwenye mjadala, na Charles Malik wa Lebanon, Mkristo aliyeifuata falsafa ya mwanateolojia Thomas Aquinas. Mwanafalsafa Mfaransa Jacques Maritain alisimulia kwamba watu wa itikadi zinazogombana walikubaliana orodha ya haki kwa sharti moja: asiulize mtu kwa nini. Desemba 10, 1948 kura zilikuwa 48 za ndiyo, sifuri za hapana, nane zikajizuia. Kasoro yake uwaambie wanafunzi pia. Siku hiyo Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini uliosimamiwa na Waingereza, na sehemu kubwa ya Afrika haikuwa na kiti ukumbini. Hata hivyo Ibara ya 9 ya Katiba yetu inalitaja Tangazo hilo kwa jina. Walioachwa nje ya mlango waliingia wakalichukua.

Na yule mwenye vifaru? Kweli, kupigana hakuhitaji maadili. Kueleza kwa nini unapigana kunayahitaji. Agosti 27, 1928 nchi 15 zilitia saini mjini Paris mkataba wa kuacha vita kama njia ya kuendesha siasa, na baadaye zikafika zaidi ya 60. Ulichekwa sana, na waliocheka walikuwa na sababu. Japani ilivamia Manchuria mwaka 1931, lakini ilikwepa neno vita ikasema ni tukio. Italia ikaivamia Ethiopia mwaka 1935; mfalme wake, Haile Selassie, alikwenda kusimama mwenyewe Geneva mbele ya Shirikisho la Mataifa (League of Nations), Juni 1936, wakamsikiliza, kisha wakaiondolea Italia vikwazo. Ningekuwa naandika mwaka huo ningekuambia acha kufundisha, tafuta kazi nyingine. Miaka kumi haikupita kabla karatasi hiyohiyo iliyochekwa haijawekwa mezani kwenye mahakama ya Nuremberg kama msingi wa kuwashtaki viongozi wa Ujerumani kwa kosa la kuanzisha vita. Kabla ya hapo kuvamia nchi ya mwenzako kulikuwa haki ya mfalme. Baada ya hapo ni jinai inayohitaji kisingizio. Ni kidogo, nakubali. Ila mtu anayelazimika kudanganya ameshakiri kwamba kuna kipimo.

Lakini mfano mzuri kuliko yote uko nyumbani, na nashangaa tunavyoupita. Novemba 2, 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera, kuua na kupora, na Amin kutangaza kwamba eneo la kaskazini ya mto limekuwa la Uganda, Mwalimu Nyerere alihutubia taifa. Wazee wanakumbuka maneno matatu: uwezo, sababu na nia. Leo tunayatania hata kwenye mpira. Yaweke kando ya Thomas Aquinas, aliyesema karne ya 13 kwamba vita vya haki vinadai mamlaka halali, sababu ya haki na nia njema. Waliomfuata wakaongeza tumaini la kushinda, ili mtawala asipeleke vijana machinjoni bure. Sisemi Mwalimu alikuwa na kitabu cha Aquinas mezani. Nasema alilipa taifa vipimo vya kulijadili jambo, badala ya kulipa hasira tu.

Wape wanafunzi vipimo hivyo wavitumie juu yake mwenyewe. Sababu ilikuwa wazi. Uwezo ulibidi utengenezwe upesi, mgambo na vijana wa JKT wakaongezwa jeshini. Nia ndiyo yenye kazi. Kama nia ilikuwa kumtoa mvamizi, kwa nini jeshi halikuishia Mutukula, pale mpakani? Februari 1979 lilikuwa Masaka na Mbarara, Aprili 11 likaingia Kampala. Serikali ilieleza kwamba kulikuwa na vita viwili, vya Watanzania kulinda usalama wao na vya Waganda kumwondoa dikteta, na mwezi Machi Waganda walio uhamishoni walikutana Moshi kuunda umoja wao. Upande wangu, naona vita vile vilikuwa vya haki, maana Amin aliyeachwa mpakani angerudi. Lakini nia ilirefuka njiani, na hilo lisemwe bila kuona haya.

Julai 1979, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Monrovia, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuvunja kanuni ya kutoingilia mambo ya nchi nyingine. Usiwafanye vibaraka mbele ya darasa. Walikuwa wanauliza swali la Kant bila kumtaja: kanuni unayoifuata, ungetaka kila jirani aifuate? Kila nchi ikijipa ruhusa ya kumng'oa rais wa jirani, nani atalala? Upande wa pili una swali lenye uzito uleule: mpaka ukiwa pazia la kuchinjia watu, je, unaheshimiwa? Hakuna aliyeshinda mjadala ule Monrovia. Ulikaa, ukaiva kwa maumivu, hasa baada ya Rwanda mwaka 1994, na mwaka 2000 mjini Lomé ukaingia kwenye Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika, Ibara ya 4(h): Umoja, siyo jirani peke yake, una haki ya kuingilia kati penye uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Hicho ni kipande cha falsafa ya maadili kilichogeuka sheria, na kilichokigeuza ni hoja pamoja na makaburi. Kipande hicho bado ni kigumu kutumika. Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama la Umoja huo liliidhinisha askari 5,000 kwenda Burundi hata kama serikali haitaki; Januari 2016 marais wakakutana na hawakupeleka hata mmoja.

Ongeza na gharama ya vita vile. Mimi nilikuwa shule ya msingi, na ninachokumbuka zaidi ya nyimbo za ushindi ni foleni ya sukari na kuoga bila sabuni. Waganda nao hawakupata utulivu: uchaguzi wa Desemba 1980 ulibishaniwa na vita vipya vikaendelea hadi 1986. Sababu ya haki haikuhakikishii amani ya baadaye, na hapo wanafalsafa wa vita vya haki, nami nikiwemo, tulichelewa sana kufikiri.

Wapo watakaokuambia njia ni moja tu, kutopiga kabisa. Nawaheshimu, na siwezi kuwafuata hadi mwisho nikikumbuka waliochinjwa Kagera. Wapo wa dawa ya moto ni moto, kwamba silaha kubwa ndizo zinazolinda amani. Kuna ukweli humo pia, ila ni ukweli wa vile vijiji viwili: unadumu hadi nyavu zitakapopotea.

Kuna jambo moja ninaloliona zito kuliko haya yote, nalo ni neno "mtu". Tunajivunia kusema mtu ni utu, na sioni sentensi bora ya kujengea amani. Lakini ina mlango wa nyuma. Kama utu ndio unaomfanya mtu kuwa mtu, basi nikitaka kukuua nianze kwa kusema huna utu. Rwanda haikuanza na mapanga. Ilianza na neno "inyenzi", mende, likarudiwa redioni hadi masikio yakalizoea. Kant mwenyewe hakuufunga mlango huo. Kijitabu chake kinalaani wazi jinsi Wazungu walivyowatendea watu wa nchi walizozifikia, huku mihadhara yake ya awali ikiwapanga binadamu kwa rangi na kumweka mweupe juu. Siwafichi wanafunzi wangu hilo. Kwa hiyo ukifundisha utu, fundisha kwamba hauna mtihani wa kuingilia: aliyezaliwa na mtu amekwisha kuwa ndani, hata akiwa mhalifu, hata akiwa adui. TANU walilitanguliza kwenye ahadi zao, binadamu wote ni ndugu zangu, na hawakuweka "isipokuwa".

Basi turudi kwa kijana wa nyuma. Kuhusu mgeni, Kant aliandika kwamba nchi inaweza kumkataa ikiwa kumkataa hakutamwangamiza. Mwaka 1951 wazo la namna hiyo likawa Ibara ya 33 ya Mkataba wa Wakimbizi: usimrudishe mtu kwenye hatari inayomkimbiza. Bibi yake alipofika upande wetu mwaka 1996, kanuni hiyo ilikuwepo. Haikuzuia vita vilivyomtoa kwake. Ilimpa mahali pa kushukia. Na kwa kuwa tulikubaliana kutodanganya, mwambie pia kwamba Desemba ya mwaka huohuo wakimbizi wa Rwanda waliokuwa Ngara na Karagwe waliambiwa waondoke kabla ya mwaka kwisha, na askari wakatumika. Nchi ileile, mwaka uleule. Waachie wanafunzi hilo walijadili kipindi kizima, usilifungie.

Ila usimtumie kijana huyo kama mfano mbele ya wenzake. Kama anataka kusimulia ya bibi yake, atasema mwenyewe, nanyi mkiwa wawili kwanza. Kucheka kwa darasa kulipita kwako, kwake sijui. Akianza kukosa masomo, akisinzia mchana kwa sababu usiku halali, akishtuka kwa kelele ndogo au akisema juu ya kulipiza kisasi kwa namna inayokutia baridi, hapo falsafa yako na yangu haitoshi. Zungumza na mwalimu wa ushauri nasaha, mwone mlezi wake nyumbani, na mumfikishe kituo cha afya au hospitali ya wilaya aonane na mtu wa afya ya akili. Na kama unasikia wanafunzi wanaitana kwa majina ya wadudu kwa sababu ya asili zao, usingoje mada ya amani ifike tena kwenye ratiba. Nenda kwa mkuu wa shule siku hiyohiyo, na wazazi waitwe.